Wekeni Chini Hicho Kikombe cha Maziwa

Mtoto akinywa mafuta ya taa, mtaa mzima hugeuka daktari. Mmoja anakimbilia maziwa, wa pili anauliza kama kuna mayai mabichi, wa tatu anataka mtoto ainamishwe atiwe vidole kooni, na yupo mzee ambaye sauti yake inasikika kuliko zote akisema mawese ndiyo kiboko. Bodaboda ipo pale kijiweni, hatua chache tu, na dereva wake yumo katika kundi la wanaotazama. Hakuna anayemwambia awashe pikipiki. Kwanza maziwa, hospitali baadaye, tena hali ikiwa mbaya.

Nataka kuipinga imani hiyo yote, ile nusu ya "kwanza maziwa" na ile nusu ya "hali ikiwa mbaya". Ya kwanza inaumiza. Ya pili inaua, na haichagui: inaua watoto, inaua watu wazima wenye akili zao timamu, inaua na mbwa waliolala ugani.

Wanaoitetea si wajinga, na hoja yao inastahili kuelezwa kwa haki. Wanasema hospitali iko mbali na maziwa yako jikoni. Wanasema sumu huunguza na maziwa hupoza, kwamba maziwa huifunika sumu, na mtu akitapika ndipo imetoka. Kisha wanamtaja mtoto wa fulani, alinyweshwa maziwa na leo yuko darasa la saba. Simulizi hizo ni za kweli. Watoto wengi walionyweshwa maziwa walipona. Lakini wengi wao walikuwa wameonja funda moja la mafuta ya taa, ladha ikawashinda wakatema, na wangepona hata wasingepewa kitu. Maziwa yakapata sifa ambayo hayakuifanyia kazi. Ambao hawakupona hawasimuliwi kijiweni. Msiba wao husemwa ni mapenzi ya Mungu, wala hakuna anayeuliza walinyweshwa nini kabla ya kufikishwa zahanati.

Tuanze na hayo hayo mafuta ya taa, maana katika nyumba zinazotumia vibatari na majiko ya utambi ndicho kisa cha kila mara, hasa pale mafuta yanapowekwa kwenye chupa ya soda au ya maji. Hatari yake kubwa haiko tumboni. Yakishafika huko, ni kiasi kidogo tu kinachoingia kwenye damu. Hatari iko kwenye mapafu. Mafuta ya taa ni mepesi na yanateleza. Tone dogo likipotea njia na kuingia kwenye koo la hewa, linatandaa haraka ndani ya mapafu na kuharibu utando unaovifanya vifuko vya hewa vibaki wazi. Ndani ya saa chache mtoto anaanza kupumua mbio, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, homa inapanda. Ni nimonia, ila hii haikuletwa na vijidudu.

Sasa tazama tunachokifanya. Tumbo lenye mafuta tunalijaza maziwa mpaka livimbe, kisha tunamwinamisha mtoto atapike. Mafuta yaliyokuwa yametulia mahali ambapo yangeleta madhara kidogo tunayapandisha tena hadi kooni, yapite kwenye mlango wa mapafu kwa mara ya pili, safari hii yakiwa yamechanganyika na maziwa na asidi ya tumbo. Kama mara ya kwanza mapafu yalinusurika, basi ugonjwa huo tumeuleta sisi kwa mikono yetu. Hospitalini mtoto huyu angefanyiwa nini? Angesikilizwa kifua, angepimwa kiwango cha oksijeni, angevuliwa nguo zilizolowa, na kama hana dalili angewekwa chini ya uangalizi kwa saa kama sita. Akianza kuhema, oksijeni iko kando yake. Hakuna muujiza katika tiba hiyo. Kuna jicho la mtu anayejua cha kutazama, na kuna mtungi wa hewa. Jikoni kwetu hakuna hata kimoja.

Kwa vitu vinavyounguza, kutapisha ni ukatili usiokusudiwa. Kostiki ya kutengenezea sabuni, maji ya betri ya gari, dawa kali za kusafishia vyoo: hivi huchoma umio vikishuka na huuchoma tena vikipanda. Umio ulioungua unaweza kutoboka, au ukapona kwa kovu linaloubana, mtoto akawa hamezi ugali miezi baadaye mpaka apanuliwe koo kwa vifaa, mara baada ya mara. Na midomo isikudanganye; inaweza kuwa safi kabisa wakati ndani kumebabuka. Wapo wanaokamua ndimu ili asidi ipambane na magadi, hawajui kwamba pambano hilo lenyewe huzaa joto juu ya nyama iliyokwisha kuungua. Hapa nikiri jambo moja ambalo watetezi wa maziwa wana haki ya kulidai: mtu aliyemeza kitu kinachounguza, akiwa macho na anameza vizuri, mtaalamu anaweza kuruhusu mafunda machache ya maji au maziwa yasuuze koo. Ni mafunda machache, na huyo mtu awe tayari njiani kuelekea hospitali. Desturi yetu haifanani na hivyo hata kidogo. Desturi yetu ni vikombe, ni kulazimisha, ni kumbana pua mtoto anayelia na kummiminia.

Mtu aliyeanza kusinzia au kupata degedege asipewe kitu mdomoni, si maziwa, si maji, si uji, si dawa. Hajui tena kumeza. Kila unachomwagia kinatafuta mapafu.

Kuhusu kutapisha, somo limekwisha kufundishwa na nchi yenye kila kitu. Marekani, kwa miongo kadhaa, madaktari wenyewe waliwashauri wazazi waweke nyumbani chupa ya ipekaki, dawa ya maji ya kutapishia. Ilikuwa safi, yenye kipimo, ilifanya kazi ya kutapisha bila shaka yoyote. Mwaka 2003 chama cha madaktari wa watoto wa nchi hiyo, American Academy of Pediatrics, kikatangaza isiwekwe tena nyumbani, na iliyokuwepo itupwe. Ilikuwa imedhihirika kwamba kutapika hakuwaletei watoto hao nafuu iliyotarajiwa, na kwamba mtu anayeendelea kutapika ni vigumu kumpa tiba inayofaa. Ikiwa dawa ya kiwandani imewekwa kando, vidole na maji ya chumvi vinatetewa kwa lipi? Maji ya chumvi yenyewe ni sumu yakinywewa kwa wingi: chumvi hupanda katika damu, maji yanaondoka kwenye ubongo, mtoto anapata degedege ambayo haikutokana na kile alichomeza mwanzoni.

Mkaa wa kusaga nao nimeusikia ukitetewa kwa kuwa "hata hospitali wanatumia mkaa". Wanatumia unga wa mkaa uliotengenezwa maalumu, wenye vitundu vingi mno, na wanautumia kwa baadhi tu ya sumu, mapema, kwa mtu ambaye njia yake ya hewa iko salama. Mkaa wa jikoni hauna uwezo huo.

Nije kwenye nusu ya pili, ambayo naiogopa zaidi kwa sababu inavaa joho la busara. "Tumwangalie kwanza. Mbona anacheza tu?" Msemaji wa maneno haya ni mtu mtulivu, ana watoto, hapendi papara. Kosa lake ni kudhani kwamba sumu ikiwa kali lazima ionekane. Sumu nyingi hatari zina kipindi cha kunyamaza, na kipindi hicho ndicho hasa tiba inapofanya kazi vizuri.

Chukua panado, iliyomo katika kila mkoba na kila kabati. Mtu aliyemeza nyingi anaweza kupitisha siku nzima ya kwanza akiwa na kichefuchefu kidogo tu, au bila dalili yoyote. Ini linaharibika kimya. Macho yanapoanza kuwa manjano, siku ya pili au ya tatu, ndugu ndipo wanapotafuta gari. Ipo dawa, asetilisisteini, ambayo ikitolewa ndani ya saa 8 tangu kumeza huliokoa ini karibu kila mara. Saa 8 ni muda wa kutosha hata kwa mtu wa kijijini, mradi asiupoteze akisubiri kuumwa. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa mama wajawazito vina hila ya aina yake: mtoto akivila kwa kudhani ni pipi, hutapika na kuharisha, kisha hutulia saa kadhaa. Familia inashukuru kwamba yamekwisha. Katika utulivu huo madini ya chuma yanaendelea kuharibu ini na kuvuruga mzunguko wa damu.

Dawa za panya ndizo zinazochanganya watu kuliko zote, maana jina ni moja na vilivyomo ni tofauti kabisa. Zipo zinazozuia damu kuganda. Aliyezila huonekana mzima siku mbili tatu, kisha fizi zinavuja na mkojo unakuwa mwekundu, na tiba yake ni vitamini K. Zipo zenye fosfidi, ambazo zikikutana na unyevu wa tumbo hutoa gesi inayoudhoofisha moyo. Mgonjwa anazungumza vizuri, anaeleza alichokula, na baada ya saa chache shinikizo la damu limeporomoka. Na zipo zinazouzwa mikononi sokoni, kwenye vipakiti visivyo na maandishi, ambazo hakuna ajuaye mtengenezaji amechanganya nini. Kwa hizo za mwisho ushauri wa "tumwangalie" ni kamari kwa roho ya mtu mwingine.

Pombe nayo. Februari 2024, katika kijiji cha Kangai, kaunti ya Kirinyaga, Kenya, watu wasiopungua 17 walikufa kwa pombe yenye sumu. Novemba 2000 walikufa zaidi ya 100 nchini humo humo, wengi wao katika mitaa ya mabanda ya Nairobi. Methanoli inapochanganywa kwenye kinywaji hulewesha kama pombe nyingine, kisha mwili huigeuza polepole kuwa asidi inayoshambulia mshipa wa jicho. Inaweza kuchukua nusu siku au siku nzima. Mnywaji anaamka na kichwa kizito, anadhani ni uchovu wa jana, anatafuta ya kuzimulia. Akisema anaona ukungu, huo si uchovu wa jana. Apelekwe saa hiyo hiyo, na wote waliokunywa naye mezani wafuatwe majumbani kwao, hata wanaojisikia wazima.

Na kwa wanaoamini maziwa hushinda kila sumu, niwapeleke Pemba. Machi 2024, katika kisiwa cha Panza, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 wakalazwa. Novemba 2021, Pemba hiyo hiyo, watu 7 walikwisha kufa kwa nyama hiyo hiyo. Sumu ya kasa haiondoki kwa kupikwa, na dalili zinaweza kuchelewa kwa saa nyingi au hata siku. La kutisha zaidi ni kwamba hupita kwenye maziwa ya mama: mtoto mchanga ambaye hakuonja nyama yoyote hudhurika kwa kunyonya, wakati mama bado ana nguvu zake. Hapo maziwa ndiyo yaliyobeba sumu. Nyumba iliyokula kasa isingoje wa kwanza aanguke. Wote waende, na mama anayenyonyesha aende na mwanawe na awaambie wahudumu kwamba ananyonyesha.

Kwa hiyo wakati wa kutafuta msaada ni upi? Ni pale unapojua, au una sababu ya kushuku, kwamba kitu cha sumu kimeingia. Acha kumpima mtoto kwa kucheza kwake. Pima kilichomezwa, kiasi kilichopungua kwenye kopo, na saa iliyopita. Betri ndogo bapa, zile za rimoti na saa, zinaweza kuchoma umio ndani ya saa mbili, na mtoto asilalamike zaidi ya kudondosha mate. Dawa za kuulia wadudu shambani hazitoi hata hizo saa mbili: jasho, mate mengi, machozi, kuharisha, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, kifua kujaa majimaji. Huyo avuliwe nguo papo hapo, aoshwe ngozi kwa maji mengi na sabuni, anayemwosha avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi, na safari ianze. Atropini, dawa ya bei ndogo, huokoa watu kama hao ikiwahi. Waliolala chumba kimoja na jiko la mkaa wakaamka na kichwa kinachogonga na kizunguzungu, watolewe nje kwanza, madirisha yafunguliwe, kisha wapelekwe wote. Gesi ile haina rangi wala harufu, na anayeonekana amelala fofofo huenda hajalala.

Beba chupa. Beba pakiti, kopo, kipande cha lebo, mabaki ya mboga au nyama, hata kama yananuka. Muuguzi wa zamu akiona jina la kiuatilifu ataokoa muda mwingi wa kubahatisha. Simu ipigwe mkiwa njiani, ili mfike wakiwa wanajua wanampokea nani.

Wanyama wetu wanaingia humu moja kwa moja, ingawa najua wapo watakaosema nimezidisha, ni mbwa tu. Mbwa wa ulinzi anayetupiwa nyama usiku na wezi anatibika mara nyingi akifikishwa kwa daktari wa mifugo mapema, na kifo chake kina maana kwa nyumba anayoilinda. Lakini naye huangukia mikono ile ile: anafunguliwa kinywa kwa nguvu na kumiminiwa mafuta ya kula na maziwa, yanaingia mapafuni, na aliyenusurika sumu anakufa kwa nimonia. Kuna hatari nyingine hapa kwetu ambayo haitajwi vya kutosha. Mbwa anayetoa mate mengi, anayeyumba, asiyemtambua mwenyewe, huenda hakula sumu kabisa. Huenda ana kichaa cha mbwa. Kumtia mkono kinywani mbwa wa namna hiyo ni kuutoa uhai wako rehani. Afungiwe mahali, aitwe mtaalamu.

Paka ana mwili wake wa pekee. Kidonge kimoja cha panado, alichopewa kwa huruma na mtoto wa nyumbani, kinaweza kumuua, kwa kuwa ini lake haliwezi kuisafisha dawa hiyo. Dawa za viroboto za mbwa zenye pamethrini akipakwa paka humtia mitetemeko na degedege. Na mbwa au paka aliyekula panya aliyekufa kwa sumu amekula sumu hiyo pia. Asisubiriwe mpaka damu itoke puani. Asiyeshawishika kuwahurumia wanyama kwa ajili yao wenyewe na awatazame kwa ajili ya wanawe. Minamata, Japani, katika miaka ya 1950, paka waliokula samaki wenye zebaki walianza kuyumba na kuanguka kabla ugonjwa wa watu haujatambuliwa rasmi mwaka 1956. Kuku watatu wakifa ghafla uani, sumu iliyowaua iko katika ua ule ule ambamo mtoto wako anatambaa.

Najua nitakalojibiwa: hospitali ina gharama, iko mbali, na wahudumu hukemea. Gharama ni kweli. Ila oksijeni ya siku moja ina bei ndogo kuliko wiki tatu za kulazwa, na mbali kunazidi kuwa mbali kila dakika inayotumika kutafuta mayai mabichi. Kuhusu kukemewa, lawama nazielekeza kwa wanaokemea. Mama aliyefika mbio na mtoto na chupa mkononi amefanya kila alichopaswa kufanya. Akitukanwa kwa uzembe mbele ya foleni nzima, safari ijayo, yeye na wote waliosikia, wataanza na maziwa.

Kuna sababu nyingine inayowafanya watu wafunge mlango na kutibu kwa siri, nayo tunaikwepa. Mara nyingi aliyekunywa sumu amekusudia kuinywa. Familia inaona aibu, na zaidi ya aibu inaogopa polisi. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inakuhesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya, Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226, kilichomwadhibu mtu wa namna hiyo, kinapingana na Katiba; na Katiba yao ya mwaka 2010, ibara ya 43, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Kwetu kijana aliyekunywa dawa ya shamba alfajiri anaweza kufikishwa mapokezi na ndugu wakaulizwa fomu ya polisi, PF3, kabla hajaguswa, ingawa viongozi wa afya wamesema hadharani, zaidi ya mara moja, kwamba mgonjwa wa dharura atibiwe kwanza. Ndugu wanaojua watakutana na swali hilo watamficha chumbani, watampa maziwa, na wataomba dua hadi adhuhuri.

Wabunge wetu waifute adhabu hiyo. Wakati tunawasubiri, waganga wafawidhi waandike kwa maandishi makubwa kwenye ukuta wa mapokezi kwamba aliyekunywa sumu anaingia ndani bila fomu, na wawasimamie walio zamu walitekeleze usiku wa manane kama mchana. Na familia iliyomkuta kijana wao na chupa isipoteze muda kumhoji kwa nini. Imwinue, iichukue chupa, imwite yule dereva wa bodaboda, na mtu mmoja akae nyuma kumshikilia asianguke. Akishapona, aonane na mtu wa kuzungumza naye, mshauri au daktari wa afya ya akili katika hospitali hiyo hiyo, kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani.